Staji ya Floribert na Unga ya Mama Mukwe

Lukafu, tarehe 8 mwezi ya tatu 1954

Kwa Floribert, mujukuu yangu, bwana yangu,

Nakusalimia, mimi nkambo yako Mujinga. Salimia na Albertine, mwenzangu, umwambie asiringe: alikukuta na bibi mwingine huku Lukafu. Meno haina tena, lakini mudomo iko. Dawa ya kupaka miguu ilifika. Mguu ya kuume inaniacha nilale sasa, ya kushoto bado inagomba na mimi kila mvua ikikaribia. Mahindi ilikubali. Mihogo ya kando ya muto nguruwe ya pori ilivuna mbele yetu. Shangazi yako Régine alizaa mutoto mwanamuke, na banasema pua ni yako. Mimi naona ni pua ya bantu bote.

Anayeandika ni Dominique, katekista. Nimemwambia aandike sawa ninavyosema, asitengeneze. Akimaliza ananisomea, na nikisikia neno ambayo haikutoka kinywa yangu, anafuta. Kwa hiyo ukisoma hapa kintu kikali, usimukasirikie Dominique.

Sasa neno yenyewe. Ulimaliza masomo kwa mapadri, tukachinja kuku, tukacheza, kila muntu ya hapa anajua mujukuu ya Mujinga iko na diploma. Nyuma ukaoa kanisani mbio mbio, sawa muntu anayefukuzwa na nyuki, juu kampuni inataka kijana mwenye ndoa. Nikasema sawa. Nikakuuliza: na chakula ya bukwe, ile ya kukuingiza kwa wakwe yako? Ukasema nyuma, nkambo, kazi ianze kwanza. Basi kazi ilianza. Tangu Noeli inaenda, na mimi sijui bado ni kazi gani.

Bantu banauliza, nasema: anafanya staji. Banauliza staji ni nini, nafunga mudomo. Padri aliniambia ni kujifunza ukubwa. Hapo njo wasiwasi ilinishika. Nkambo yako, bwana yangu ya kwanza, alilaza reli mpaka akawa kapita, musimamizi ya bantu, na hakuna aliyemufundisha ukapita. Siku moja balimupa kofia, bakamwambia piga kelele kwa bale. Ikaisha. Sasa wewe mwenye diploma unajifunza kwanza. Mpaka lini? Nani alitaja siku? Aliitaja mbele ya nani? Muntu akikupa kuku na mukono moja, na ingine bado inashika miguu ya kuku, ule hajakupa kuku.

Nijibu: unakaa wapi muchana, unaamuru nani, nani anakuamuru, na lini inaisha. Usiniandikie hewa ya muji.

Ni mimi, bibi yako ya zamani,
Mujinga


Elisabethville, tarehe 2 mwezi ya ine 1954

Nkambo yangu mupendwa,

Barua yako ilinikuta muzima, na Albertine pia. Anasema hawezi kuringa juu ya bwana anayerudi nyumbani na vumbi ya unga mpaka ndani ya masikio. Mvua ilibomoa kidogo ukuta ya jikoni yetu, nimeisha kuitengeneza. Nafurahi kusikia habari ya shangazi Régine. Kama mutoto iko na pua yangu, basi atasikia harufu ya pombe ya baba yake kutoka mbali.

Umeniuliza, nitajibu yote. Staji ni hivi: kampuni inachukua vijana waliomaliza masomo, inabapitisha kila pahali mbele ya kubapa ukubwa. Balinianzisha kwa biro, ofisi ya barua, nikapanga makaratasi. Nikahamishwa kwa magari, nikahesabu matairi. Sasa niko depo, pahali ya magunia ya unga, chumvi na sabuni. Kila pahali nikifika bananipokea sawa mugeni, na nikianza kuelewa kazi bananihamisha.

Muchana nakaa wapi? Kusema kweli sina meza. Nasimama karibu na meza ya muntu mwingine, naangalia anavyofanya. Lakini navaa karavati ya shingoni. Bwana Mukubwa ya depo aliniambia karavati njo meza yangu kwa sasa. Ni muntu ya kucheka.

Naamuru nani? Hapo iko ngumu kueleza. Siko mufanyakazi, siko mukubwa. Bazee ya depo bananiita Bwana Staji. Nikiuliza kintu banajibu muzuri sana, nikigeuza mugongo nasikia kicheko. Sasa nimepewa kazi ya sauti: asubuhi, mbele ya mulango kufunguliwa, naita majina ya wafanyakazi bote, mumoja mumoja, na kila muntu anajibu "Prezan", kwa Kifransa, kusema iko pale. Karani Émile anasimama pale anaandika. Wiki moja naita mimi, wiki ingine anaita kapita Casimir. Bwana Mukubwa anasema ukubwa inaanzia kwa koo. Mwenye haya ya kutaja jina ya muntu hawezi kuongoza bantu.

Inaisha lini? Mwisho ya mwezi ya saba. Nikipita muzuri nitakuwa musaidizi ya mukubwa ya depo, mweusi ya kwanza kwa kazi ile, na nyumba ya matofali mwenye bafu ndani. Aliniambia yeye mwenyewe. Hakuna sababu ya kuwa na wasiwasi, nkambo. Nyakati imebadilika tangu reli.

Baba mukwe naye anabeba magunia kwa depo hii. Iko muzima.

Mujukuu yako anayekupenda,
Floribert


Lukafu, tarehe 26 mwezi ya ine 1954

Bwana yangu Floribert,

Salamu. Tuko na machozi kidogo huku: muzee Symphorien, mwenye kupiga kengele ya misioni, tulimuzika siku ya Pasaka. Alikuwa kiziwi tangu zamani, na kengele alikuwa anaipiga akiangalia ndege kuruka kwa mukuyu, njo anajua imelia. Sasa iko kijana anapiga, kila siku kwa saa yake mwenyewe. Mutoto ya Régine ananenepa.

Dominique amenisomea barua yako, nikamwambia aisome tena polepole. Karavati uliipa maneno mingi. Baba mukwe ulimupa mustari moja, mufupi sawa mukia ya mbuzi. Muntu akikuwa muzima, mbona habari yake inakimbia hivi?

Unajua Laurentine, ule mwenye kuuza samaki mukavu, anayepanda kamyo, ile gari ya mizigo, kutoka hapa mpaka huko. Akifika Elisabethville analala kwa dada yake, ndani ya kambi ya kampuni, ukuta kwa ukuta na wakwe yako. Laurentine anasema mama mukwe yako anazunguka na kisahani anaomba unga. Muke ya muntu anayebeba unga kutwa nzima. Nilimwambia Laurentine unadanganya. Akasema, mama Mujinga, mimi nadanganya juu ya samaki, sidanganyi juu ya njaa ya bantu. Tena akaongeza kintu: wiki moja sufuria ya pale inachemka muzuri, wiki ingine inalala kifudifudi. Na muzee anaenda kazini kila siku, asubuhi, na nguo yake ya kazi.

Floribert, nakuuliza wazi. Muzee anakunywa? Ao kampuni inakata posho bila sababu? Ao iko kintu ingine? Nkambo yako alipopewa kofia, bazungu balimwambia awe anabaletea habari: nani ananung'unika, nani anaficha kintu. Alikataa, kofia ikarudi. Sasa wewe balikuweka pale katikati, hauko huku hauko kule, unasimama karibu na meza ya bantu unaangalia. Unaangalia nini? Ukitoka pale unamuambia nani?

Kama umempeleka mukwe yako kwa bazungu, nijulishe mimi mwenyewe, nisisikie kwa mwenye samaki.

Nakupenda, njo maana nakugombesha.
Mujinga


Elisabethville, tarehe 6 mwezi ya sita 1954

Nkambo yangu mupendwa,

Unisamehe kukawia. Kazi iko mingi. Tuko bazima. Albertine alikuwa na homa kidogo, imeisha. Muji umejaa vumbi sasa, baridi ya asubuhi imeanza, na nimenunua koti.

Usisikilize sana bantu ya kamyo. Juu ya unga, ni mambo ya kambi tu, itapita. Mimi sipeleki habari ya muntu kwa muntu. Tena hakuna anayeniuliza. Bwana Mukubwa anakaa juu, kwa biro, anaona makaratasi. Bantu anabaona kupitia dirisha. Iko anaridhika na mimi. Wiki iliyopita alinishika bega mbele ya bageni. Imebaki kidogo, mwezi ya saba inakuja, na nikipata kazi ile nitasaidia bote, kwenu na kwa wakwe. Nakuomba uvumilie na usiniulize tena neno hii kwa barua, juu barua zinapita mikono mingi.

Nimetuma na Laurentine sabuni na sukari.

Floribert

Nkambo, mimi Albertine naandika hapa chini, bwana yangu amelala. Baba yangu hanywi. Muulize mujukuu yako tena.


Lukafu, tarehe 13 mwezi ya sita 1954

Floribert,

Sabuni imefika, sukari Laurentine aliionja njiani. Leo sina habari ya nyumbani. Bote bazima, inatosha.

Ulisema nisiulize tena. Mutoto akiniambia usiangalie nyuma ya mulango, mimi naenda moja kwa moja nyuma ya mulango.

Niliketi jikoni na maneno ya Laurentine, wiki moja inachemka, wiki ingine inalala. Mulevi hanywi kwa zamu. Kampuni haikati posho kwa zamu. Nikajiuliza, nini huko inaenda wiki kwa wiki? Nikamwambia Dominique alete barua yako ya mwezi ya ine, anisomee pale unapoita majina. Wiki moja unaita wewe, wiki ingine anaita kapita. Dominique akaacha kusoma, akaniangalia. Yeye pia iko na mukwe.

Mutoto yangu, wewe hujakula chakula ya bukwe, ile inayofungua mudomo ya mukwe. Jina ya baba ya Albertine haiwezi kupita kwa mudomo yako, hata mimi hapa siitaji, na nakusifu kama huitaji. Lakini niambie: asubuhi, wiki yako, ukifika kwa jina ile, unafanya nini?

Nangoja. Na usiniletee bafu ya matofali.

Mujinga


Elisabethville, tarehe 25 mwezi ya sita 1954

Nkambo,

Ninaruka.

Nitakuambia yote. Siku ya kwanza niliomba kapita Casimir anisaidie, nikifika pale aite yeye. Aliita. Bwana Mukubwa alikuwa dirishani. Akashuka, akauliza juu ya nini bantu mbili banaita. Nikamwambia, Bwana, ule ni baba ya bibi yangu, kwetu siwezi kutaja jina yake. Hakukasirika. Alicheka muzuri, akanishika karavati, akasema, "Floribert, ndani ya kampuni hakuna mukwe. Kesho ninataka kusikia majina yote kutoka kwa koo moja."

Kesho yake nikafika pale. Nilikohoa, nikapita kwa jina inayofuata. Nilifikiri Émile ataandika tu, juu alimuona muzee amesimama pale, mbele ya macho yake, kichwa chini. Nyuma nikamuendea. Émile alisema, "Ndugu, mimi naandika sauti, siandiki macho. Muntu hakujibu, hayuko. Mimi pia niko na batoto." Yeye ni muntu ya Kasai, kwake kazi ni kazi. Simulaumu.

Basi wiki yangu yote muzee anafika ya kwanza, anasimama, haitwi, hajibu, anaandikwa kwamba hakuja, anabeba magunia mpaka jioni. Siku ya posho anapita mikono mitupu. Wiki ya Casimir anaitwa, anapata.

Utasema, mbona muzee hakulalamika. Nkambo, hapo njo panauma. Albertine alienda kumuuliza. Alimwambia, "Bwana yako ananiheshimu. Vijana ya leo bataita hata Mungu kwa jina ya utoto. Wacha aniruke." Anajivuna nayo. Anawaambia bazee benzake, mukwe yangu alipata diploma na bado anajua kufunga mudomo. Na mama mukwe anaomba unga.

Mimi nilijiambia, ni miezi kidogo tu. Nikipata ukubwa nitatoka kwa kuita majina, yote itasahauliwa. Kama nikikataa kuita sasa, banasema sina koo, staji inaisha pale pale. Wenzangu mbili tulioanza nao balirudishwa kwa mambo madogo kuliko hii. Mumoja alichelewa na gari ya kampuni, mwingine alijibu Bwana wakati hakuulizwa. Hakuna anayekuambia kosa ni nini mpaka umeisha kulifanya. Kwa hiyo naangalia kila kintu, hata kucheka, naangalia kwanza.

Lakini juzi ilitoka karatasi kwa ukuta ya depo. Wafanyakazi wenye kukosa kazi mara mingi batarudishwa kwao mwisho ya mwezi ya saba, na nyumba ya kambi batatoa. Jina ya muzee iko ndani. Siku ile ile wanayonipa depo, banamufukuza.

Albertine haniongeleshi. Ananipikia, anaweka, anatoka.

Floribert


Lukafu, tarehe 3 mwezi ya saba 1954

Bwana yangu,

Nilikufikiria mupelelezi. Nisamehe. Uko mujinga tu, na jina hii ni yangu, kwa hiyo tumefanana.

Nimemusikia na mukwe yetu pia. Umupelekee Albertine maneno haya, naye amupelekee baba yake, hivi hivi: heshima isiyoingia ndani ya sufuria ni ya kuchezea. Yeye anashiba sifa kwa bazee benzake, muke anatembea na kisahani. Wanaume babili mumeelewana muzuri kwa njaa ya mwanamuke.

Sasa sikiliza. Iko bintu mbili, na moja bila ingine ni bule.

Ya kwanza, chakula ya bukwe. Ulisema nyuma, nyuma imefika. Nitakuja na kamyo ya Laurentine tarehe 23. Naleta mbuzi, kuku mbili na munkoyo ya kunywa. Mama mukwe atapika kila kintu ya nyumba yake, atakuwekea mbele, utaonyeshwa kila sahani, bazee ya pande mbili batasema, utakula, na mudomo yako itafunguliwa. Unga ya siku ile nitaileta mimi, asiombe kwa muntu. Kama mulango ya kambi inataka karatasi ya bageni, uitafute mapema. Sitalala njiani sawa mbuzi yangu.

Ya pili ni yako peke yako. Uende kwa Bwana Mukubwa, umwambie na kinywa yako kwamba muzee alikuja kazini kila siku. Chakula itafungua kesho, haitafungua jana. Jana iko kwa makaratasi, na pale wewe njo ulimukosesha.

Utaniuliza, na ukubwa? Sijui. Nafikiri utaupoteza. Nafikiri pia haukuwa na wewe bado. Mimi siwezi kukuambia usiogope, ni wewe unasimama pale bila meza. Lakini Albertine anayeweka sahani na kutoka, ule namujua. Mara moja utasikia amehamia kwa mama yake.

Mujinga


Elisabethville, tarehe 2 mwezi ya nane 1954

Nkambo yangu,

Natumaini kamyo ilikufikisha muzuri, na mguu ya kushoto haikugomba. Mama mukwe anauliza kama ulikasirika juu alikukatalia kuosha masufuria. Albertine anaongea tena, anaongea sana. Juzi alinikumbusha kwamba siku ya chakula ya bukwe nilikula sahani zote za mama yake na jasho ya muntu anayeenda kunyongwa.

Ulipanda kamyo Jumapili na uliniangalia bila kuuliza, juu ulijua Bwana Mukubwa alikuwa Jadotville na mimi sijasema bado. Alirudi Jumatatu. Nilipanda ngazi na koti yangu mukononi, juu nilihisi joto.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulinidanganya tangu mwezi ya tatu?" Nikasema, hapana Bwana, nilinyamaza. Akasema, kwa depo, kunyamaza na kudanganya ni kintu moja. Alimuita Émile, na Émile alisema ukweli, kwamba alikuwa anamuona muzee. Bwana Mukubwa alizunguka kidogo na mikono nyuma. Nyuma akasema muzee hatafukuzwa, na nyumba atabaki nayo. Posho iliyopita hairudi. Mwezi iliyofungwa, alisema, haifunguliwi.

Juu yangu, staji imeongezwa miezi sita. Akasema nisihuzunike, anaona niko na moyo, na siku moja itafika. Kwa sasa kazi ya musaidizi amepewa kijana mweupe anayekuja na treni kutoka Kusini, umri sawa mimi. Nitamuonyesha depo, juu yeye hajui bado gunia ya chumvi inakaa wapi.

Basi, wiki ile ilikuwa yangu ya kuita majina, na Jumanne ikafika.

Ilikuwa baridi, bantu banapuliza mikono. Émile mulangoni. Bwana Mukubwa alishuka mwenyewe, akasimama nyuma ya Émile. Niliita majina, "Prezan", "Prezan". Nilipofika kwa jina ya muzee, nikainua macho kwa karatasi. Nikaona bazee ya depo bameacha kupuliza mikono; bote walijua.

Nikaita: "Chileshe."

Muzee aliangalia chini, sawa muntu anayetafuta kintu iliyoanguka. Casimir akakohoa. Nikafikiri chakula yote ilikuwa bule, mbuzi yako imekufa bule. Bwana Mukubwa akatoa saa yake. Nikaita tena, lakini hapo sikuita sawa karani. Niliita sawa muntu anayepiga hodi kwa nyumba ya mukubwa wake.

"Baba Chileshe."

Akainua kichwa, akaniangalia usoni. Tangu nimeoa hakuwahi kuniangalia usoni. "Niko," akasema.

Hakusema prezan. Émile akageukia kwangu, kalamu juu, aandike ao asiandike. Nikamwambia: "Andika. Ni sauti."

Akaandika. Nikaendelea na jina inayofuata, na ule alijibu mara mbili, juu mara ya kwanza sikusikia.

Mujukuu yako,
Floribert


Lukafu, tarehe 15 mwezi ya nane 1954

Bwana yangu Floribert,

Leo ni sikukuu ya Maria, kengele imelia saa yake kwa mara ya kwanza tangu tulimuzika Symphorien. Tulikula muzuri. Mutoto ya Régine amekaa peke yake. Mama mukwe umwambie sikukasirika, nilikuwa nachungulia tu kama masufuria iko na unga chini.

Dominique alisoma pale muzee alisema niko. Nikamwambia ngoja. Nikatoka inje kidogo, nikarudi, nikamwambia sasa endelea.

Umefanya. Sitakusifu tena juu sifa niliona inavyoshibisha bantu huko.

Ile miezi sita siiamini. Sisemi ule muzungu ni mubaya; alimuacha muzee na nyumba, na hakuna aliyemulazimisha. Lakini mara ya kwanza alikuambia mwezi ya saba, ndani ya biro, muko babili. Sasa anakuambia miezi sita, ndani ya biro, muko babili. Kijana mweupe hajafika bado na kazi yake inamungoja, iko na jina. Wewe uko pale tangu Noeli na kazi yako iko na moyo. Mwenye kushuka kwa treni umuonyeshe depo yote, usimufiche hata gunia. Ubaya ya kuficha inaozesha mwenyewe. Umuonyeshe, kisha uende juu.

Uende na karavati. Useme na Bwana Mukubwa sawa ulivyosema juu ya muzee, umesimama, na kinywa yako. Umwambie, Bwana, ulinifundisha kwamba muntu asipoitwa kwa sauti mbele ya benzake haandikwi, hata akibeba magunia mpaka jioni. Basi na mimi uniite. Asubuhi, inje, mbele ya Casimir na Émile na baba Chileshe, useme jina yangu, kazi yangu, na siku yake.

Akikubali, uniandikie, nitakuja na mbuzi ingine. Akisema ngoja, itafika, tusizungumze inje mambo ya ndani, hapo ufungue karavati ukatafute kazi pahali pengine na Albertine yako, juu ujue Bwana Mukubwa ameisha kukuruka. Na wewe hujamuoa binti yake. Yeye hakuruki juu ya heshima.

Mujinga